Aliyeanguka Kwenye Shimo la Ndizi

Baba mkwe wangu hali ndizi mbivu. Si kwamba zinamdhuru, ila haziruhusiwi kuingia nyumbani kwake. Mbichi za kupika anazivumilia, mradi zipikwe siku hiyohiyo. Zikianza tu kugeuka rangi, harufu anaisikia akiwa chumbani na mlango umefungwa, na hapo lazima mtu atumwe azitoe. Nilipoolewa nilidhani ni ukorofi wa uzee. Mama mkwe alinicheka. "Utazoea, mwanangu," akasema. "Wewe umeolewa na mtu, mwenzio nimeolewa na meli."

Mtaa mzima unamwita Baharia. Alifanya kazi kwenye meli za kubeba ndizi tangu akiwa kijana mwembamba mpaka magoti yalipogoma kupanda ngazi. Kazi yake ilikuwa shimoni, ndivyo walivyoviita vyumba vikubwa vya baridi chini ya sitaha, ambamo makatoni ya ndizi hupangwa hadi darini. Yeye ndiye aliyepita katikati ya makatoni na tochi na kipimajoto, amevaa koti zito huku wenzake juu wakitembea vifua wazi. Baridi ikizidi, ndizi zinakuwa nyeusi kama zimebabuliwa. Ikipungua, inaiva moja, na moja ikiiva inawaambukiza jirani zake, mpaka meli inafika bandarini na mzigo wa kumwaga. Hadi leo anavaa sweta mchana wa jua kali, na kitufe cha friji yetu hakuna mwenye ruhusa ya kukigusa ila yeye. Mume wangu husema hii ndiyo friji pekee mtaani yenye nahodha.

Watu hudhani baharia ameiona dunia. Baba aliiona kwa mlango wa nyuma. Ndizi haimsubiri mtu: meli ikifunga gati, makatoni yanapakiwa bila kupumzika, na la mwisho likishaingia kamba zinafunguliwa, safari. Alifika bandari ambazo mimi nazijua kwa ramani, na anachokumbuka ni kreni, lami iliyolowa na mlinzi wa geti. Alirudi nyumbani akawakuta mke na watoto wamemkalia mkao wa kula, wanangoja maajabu, naye maajabu hana.

Alikuwa na hadithi moja tu, na hiyo ilitosha. Melini kulikuwa na mwenzake waliyemwita Kijiko, kwa sababu alitembea na kijiko chake mfukoni, vya meli alivionea kinyaa. Kwa maneno ya baba, Kijiko alikuwa mlafi asiye na mfano. Siku moja feni za shimo zilizimwa zitengenezwe. "Ndizi zinapumua kama nyinyi," baba hutuambia hapo, akituamuru tuvute pumzi, na zikifungiwa bila feni huichafua hewa hata haimfai mtu. Sheria ilikuwa hakuna kuingia mpaka feni zirudi zipulize, na hata hapo lazima mwenzako asimame mlangoni. Lakini Kijiko alikuwa ameona katoni moja limeanza kuiva, akaogopa wenzake watamuwahi. Akaingia peke yake, akaanguka kifudifudi. Baba alikuwa akipita, akaona mlango wa shimo uko wazi. Akabana pumzi, akashuka ngazi, akamfunga kamba chini ya makwapa, akapanda, akaita watu, wakavuta. Hapo baba huinuka kitini, magoti yamesahau maumivu, akavuta kamba ambayo haipo, na wasikilizaji huvuta pamoja naye.

Nimeisikia misibani, harusini na kwenye foleni ya maji. Mume wangu aliijua kabla hajajua kusoma, na alipokuwa akinichumbia alinisimulia hiyo kwanza, ndipo akaniambia kuwa yeye ni fundi wa kuchomelea. Mimi sikuolewa kwa ajili ya hadithi, lakini siwezi kusema haikusaidia.

Kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya macho. Asubuhi moja aliingia mzee mrefu mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, ameshikwa mkono na binti yake. Nilimwomba kadi. Akapapasa mfuko wa shati, akatoa kwanza kijiko, akakiweka juu ya meza yangu, ndipo akaendelea kutafuta kadi.

"Mzee, unatembea na kijiko?"

"Vya watu sivielewi, binti yangu."

Nilikitazama kile kijiko. "Uliwahi kufanya kazi melini?"

Aliinua uso, akautafuta wangu kwenye ukungu wake. "Nani kakwambia?"

Mdomo huponza kichwa, ndivyo tunavyosema. Wangu uliponza vichwa vya watu wengine. Nilimwambia ninaishi nyumba moja na Baharia, yule wa tochi na kipimajoto shimoni, ni baba wa mume wangu, na mzee yule alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Yu hai?" akauliza. "Yu hai kweli?" Alivyofurahi, nikasahau kuna watu nyuma yake wanasubiri. Nikamwalika Jumapili, yeye na binti yake. Nyumbani nikasema kuna wageni wangu wa kazini, basi, nikamwacha baba ashtukizwe. Nilijiona mjanja sana wiki ile.

Wakaja. Binti yake ni fundi simu, mwanamke mnyamavu mwenye vidole vyembamba, alimwongoza baba yake kwenye kizingiti bila kumwambia kuna kizingiti. Kijiko alisimama mlangoni, akanusa kidogo, kama aliyepata harufu ya sufu.

"Bado unavaa sweta, bwana wee?"

Baba aliinuka. Walikumbatiana muda mrefu, nami niliyekuwa nikitabasamu kama niliyeshinda bahati nasibu nikauona uso wa baba juu ya bega la rafiki yake. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Nilidhani ni machozi ya furaha yanajiandaa, kila mtu na sura yake ya kulia.

Mazungumzo yakaanza vizuri. Walimkumbuka mpishi aliyelia kwa sababu ya mke wake akasingizia vitunguu, na nahodha aliyeshuka shimoni kila asubuhi kuzijulia hali ndizi kabla hajawasalimu watu. Kijiko akatusimulia buibui aliyetoka kwenye makatoni akahamia kwenye buti lake, na jinsi alivyomwachia buti, akamaliza safari na moja. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho na kanga. Baba alicheka pia, lakini alikuwa akicheka baada ya wengine.

Ndipo nilipoingia na sinia la chai, nikalisema neno lenyewe.

"Mzee, sisi humu ndani tumelelewa na hadithi yako. Bila baba, si ungebaki kwenye shimo la ndizi?"

"Tena kwa ulafi!" mume wangu akadakia, akicheka. "Chane moja ya ndizi mbivu, mzee, ndiyo ikutoe roho?"

Kijiko aligeuza uso upande alikokuwa baba, akangoja. Baba alikuwa akiitazama chai kama vile kuna kitu kimetumbukia ndani yake.

"Ni kweli kabisa," Kijiko akasema. "Isingekuwa yeye, leo mngekuwa na mgeni mwingine. Naomba sukari."

Tukacheka wote. Binti yake peke yake ndiye ambaye hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Baba?" akasema.

"Kunywa chai, mwanangu. Inapoa."

Tulimwomba baba asimulie, mwenye hadithi na aliyesimuliwa wako chumba kimoja, bahati kama hiyo utaipata wapi? Akasema magoti yanamuuma. Wageni walipoondoka hakugusa chakula. Mama mkwe alimuuliza kama anaumwa, akajibu kuwa ameshiba mazungumzo.

Wiki hiyohiyo Kijiko alirudi kliniki kupimwa kwa ajili ya operesheni. Safari hii binti yake alimwongoza kwa kumshika mkono wa shati, si kiganja, akamkalisha kwenye benchi na yeye akaenda kukaa benchi lingine. Kijiko alikuwa akiongea na nafasi tupu iliyo kando yake, akidhani binti yupo. Nikatoka kwenye dirisha langu nikamfuata yule fundi simu.

"Dada, kuna tatizo?"

Aliniangalia kama anayepima iwapo nafaa kujibiwa. "Mama yetu alifariki tukiwa wadogo," akasema. "Baba akaacha bahari atulee, akawa kibarua, leo kuna kazi kesho hakuna. Hakuwa na kitu cha kujivunia mbele yetu ila kimoja. Kwamba aliwahi kushuka kwenye shimo lenye hewa mbaya akamtoa mwenzake. Nimeisimulia darasani nikapigiwa makofi. Nimewasimulia wanangu. Kumbe aliyetolewa ni yeye, tena alifuata ndizi."

"Labda..."

"Amekiri mwenyewe, dada. Mbele yenu. Nilipomuuliza njiani, akaniambia niachane na mambo ya zamani. Sasa nakaa najiuliza, na yale mengine aliyotuambia? Kuhusu mama? Nitamlipia kila kitu, nitamleta operesheni, ni baba yangu. Ila maneno yangu na yeye yameisha."

Nilirudi mezani pangu. Watu walikuja na kadi, nikawaandikia, sijui niliwaandikia nini. Kuna ukweli mmoja tu shimoni mle, na wazee wawili kila mmoja aliwaeleza watoto wake kuwa yeye ndiye aliyeshuka. Mmoja wao alipoulizwa alimgeukia mwenzake na kungoja. Mwenzake akaitazama chai. Hata mtoto angejumlisha. Mimi ndiye niliyekwenda kulivua lile jambo huko lilikokuwa limelala, nikalileta mezani na sinia la chai.

Mkwe hamhoji baba mkwe, nyumba yetu haijafika huko. Nilichoweza ni kupeleka habari. Baba alikuwa jikoni amefungua friji, anapapasa kama baridi yake iko sawa. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

"Baba, yule binti wa mzee Kijiko hasemi na baba yake, na operesheni yake ya macho imekaribia."

"Kwa nini?"

"Anasema alimdanganya tangu utotoni. Alikuwa akiwaambia kwamba yeye ndiye aliyemtoa mtu shimoni."

Nisimtazame, nilijiambia, nikaendelea na mchele. Mlango wa friji ulikuwa wazi. Ukiuacha wazi wewe, hata kwa kutafuta nyanya, utasikia mahubiri. Siku ile uliachwa wazi mpaka mashine ikaanza kunguruma, naye amesimama mbele yake, baridi inamwagikia miguuni.

"Operesheni lini?"

"Wiki ijayo."

"Waite kabla." Akaufunga mlango. Alipofika kwenye kona ya ukumbi akarudi. "Mtu asifumbuliwe macho, kitu cha kwanza kukiona kiwe mgongo wa mwanawe."

Siku zile chache zilikuwa ndefu kwetu sote, ingawa waliojua sababu tulikuwa wawili. Baba alikonda usoni. Mara mbili nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba anamtazama mama mkwe akishona, na mama akiinua kichwa yeye anaondoka. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ila mwiba huu ulikuwa umemchoma na asiyehusika.

Fundi simu hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu nilimwambia mzee wetu anamwomba, na yeye si mtu wa kumkatalia mzee. Wakaketi mahali palepale. Baba hakungoja chai.

"Nina neno," akasema. Alikuwa amesimama, mikono imeshika mgongo wa kiti chake. "Mtu aliyeingia shimoni kufuata ndizi ni mimi. Aliyeshuka kunitoa ni huyu."

Mume wangu akatabasamu, yule mjinga wangu, tabasamu zuri la mtoto anayejivunia baba yake.

"Mnamwona?" akatuambia. "Anamfichia rafiki yake aibu. Ndiyo maana nampenda mzee huyu."

"Simfichii mtu."

"Baba, mbona unajishusha?" mama mkwe naye akasema kwa upole. Akamgeukia Kijiko. "Shemeji, usijali. Humu hakuna anayekucheka."

Ikawa hivyo. Alikuwa ameisimulia vizuri mno kwa miaka mingi, kila mtu chumbani ameshavuta ile kamba pamoja naye, na sasa alipotaka kuirudisha kwa mwenyewe hakuna aliyempokea. Baba alimtazama Kijiko, akiomba msaada kwa mtu wa mwisho duniani aliyestahili kuombwa.

"Mwacheni apumzike," Kijiko akasema. "Tenda wema wende zako. Yalipita."

"Msihangaike kumsafisha baba yangu," fundi simu akasema. Sauti yake haikupanda. "Tumeshukuru kwa chai." Akaanza kuinuka.

Ndipo baba alipovua sweta. Ni kitu kidogo, mtu kuvua sweta, lakini hatujawahi kumwona akivua mchana. Akafungua vifungo vya shati, mume wangu akasema, "Baba, unafanya nini?" naye akavua shati, akavua na fulana, akainua mikono yote miwili juu, mzee mwenye kifua cheupe cha mvi, mbele ya mkwe wake na mgeni wa kike.

Niliangalia pembeni kwa heshima, kisha nikaangalia. Chini ya kila kwapa kulikuwa na kovu. Si la kisu. Lilikuwa pana kama kidole, linang'aa, linatoka kifuani, linapita chini ya mkono na kupotelea mgongoni, upande huu na upande huu.

"Mama," baba akamwambia mkewe, "alama hizi nilikwambia ni za nini?"

Mama mkwe aliyatazama yale makovu. "Mikanda," akasema. "Mikanda ya kubebea makatoni."

"Makatoni hayakubebwa kwa mikanda. Yalipita kwenye kreni."

"Kila msimu wa baridi zinakuuma. Nazipaka mafuta." Alisema kama anayejieleza mwenyewe. "Tangu ujana wangu nazipaka mafuta, unanitazama hivihivi."

"Ndiyo."

Jioni ile mama hakumsemesha, wala siku kadhaa zilizofuata, na chupa ya mafuta aliiweka juu ya kabati upande wa baba, ajipake mwenyewe pale mkono utakapofika.

Kijiko, ambaye hakuona kitu, alikuwa akigeuza kichwa huku na huku. "Kuna nini?" akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Ni binti yake aliyemjibu. Alikuwa bado amesimama. "Ana makovu, baba. Chini ya makwapa. Kama ya kamba."

Kijiko alinyosha mkono hewani. Baba alimsogelea, akauchukua ule mkono, akauweka chini ya kwapa lake, na vidole vya yule mzee vikalifuata kovu taratibu mpaka mgongoni na kurudi. Alipofika mwisho hakuuondoa mkono.

"Nilikufunga vibaya," akasema. "Ilikuwa kamba nyembamba ya maturubai, ndiyo iliyokuwa karibu. Tulipokuwa tunavuta niliona inakuchana ngozi, nikasema vuteni hivyohivyo. Nimeifikiria kamba ile miaka yote. Nisamehe, ndugu yangu."

Hapo baba alilia. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hakuwapo. Amemwibia mwenzake jambo jema kuliko yote aliyowahi kufanya, akamvisha na ulafi ambao ulikuwa wake, na mwenzake ndiye anaomba msamaha. Hata mimi nilishindwa pa kuweka macho. Nilimwokotea shati, nikabaki nimelishika.

"Mzee," mume wangu akamwambia Kijiko. "Tusimulie wewe basi. Ilivyokuwa."

Kijiko akatikisa kichwa. "Mimi sijui kusimulia, mwanangu. Watoto wangu niliwaambia kwa maneno mawili matatu. Anayeijua ni yeye."

"Siijui," baba akasema. "Nilikuwa nimelala chini kama gunia, nitajuaje? Yote ninayowasimulia ni wewe uliniambia, nilipozinduka, umekaa kitandani kwangu unaninywesha maji kwa kijiko chako. Mimi nilikariri tu."

Hata hivyo alisimulia. Hakuinuka, hakuvuta kamba. Alikaa kwenye kiti cha kawaida karibu na mlango, shati begani, akasema kwa sauti ya chini kwamba aliliona katoni, akaogopa wenzake watamuwahi, akaingia, akamenya ndizi moja akaila, akaona ni tamu, akaanza kumenya ya pili. Alisema magoti yalilegea kabla hajajua ni kwa nini. Ilikuwa fupi kuliko tulivyozoea. Nilikuwa nikisubiri mahali pa kusisimka, nikatambua kuwa mahali hapo si pake.

Akamgeukia fundi simu. "Hapo ndipo baba yako alipopita," akasema. "Akaona mlango uko wazi. Alijua feni zimezimwa, alijua hewa ilivyo. Hakuna aliyemtuma. Akabana pumzi, akashuka."

Fundi simu alikuwa ameshaketi, safari hii kando ya baba yake. Alitafuta kiganja chake bila kukitazama, akakishika.

"Hebu rudia hapo, mzee," akasema.

Baba akarudia.